Minyaa Juu ya Kilima

Niliingia Mwanza nimekaa juu ya mbao. Lori lilikuwa limetoka Mafinga na shehena ya misonobari, baadhi nimeikata kwa mikono yangu, na dereva alinipa nafasi kwa sharti kwamba nitafunga na kufungua turubai kila tutakaposimama. Tulipita Iringa kwenye ukungu. Tukashuka Mtera, na joto likanivua koti nililolivaa miaka yote ya kusini. Dodoma, Manyoni, Singida. Kwenye mteremko wa Sekenke springi ya nyuma ilikatika, tukakaa pale kando ya barabara huku utingo akienda Shelui kutafuta nyingine. Alirudi na ya gari dogo. Dereva alimtukana mpaka akachoka, akalala chini ya lori, na mimi nikabaki juu, nikinusa utomvu wa misonobari na kujiuliza kwa nini kila mahali ninapopazoea napaona pabaya.

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu. Nilikuwa nimefanya kazi kwenye mkonge Korogwe, kwenye chumvi Uvinza, kwenye misumeno Mafinga. Kila nilipoondoka nilipakumbuka kwa uchungu, na nilipokuwepo sikupapenda. Safari hii nilikuwa nimejiambia kwamba nitatafuta mahali nikae hapo hapo mpaka nione kitu kimoja kikikua.

Baada ya Misungwi mawe yakaanza. Mawe makubwa kuliko nyumba, yamekalia mengine, kana kwamba mtu aliyapanga akaitwa nyumbani kabla hajamaliza.

"Huku hakuna miti," dereva alisema tulipokuwa tunaingia mjini. "Ndiyo maana tunawaletea mbao."

"Miti ipo," utingo akajibu. "Ipo juu ya lori."

Mbao zilishushwa Nyakato, na hapo hapo kwenye yadi nikakutana na mtu aliyekuja kutafuta vijiti vya kushikizia miche. Alikuwa msimamizi wa mradi wa kupanda miti kwenye vilima vya mji. Aliniuliza kama nimesoma, nikamwambia kidato cha nne. Akauliza kama najua kujaza udongo kwenye viriba, nikamwambia nimejaza viriba vingi kuliko sahani nilizokula. Nilikuwa na mpango wa kuendelea mpaka Bukoba. Jioni ile nilikuwa tayari mlinzi wa msitu ambao haujaota.

Kilima chenyewe sitakitaja jina. Kiko upande wa Pasiansi, na wanaokaa chini yake wanajijua. Kilikuwa jiwe na vumbi. Mvua ikinyesha maji yalishuka mekundu, yanapita katikati ya nyumba na kwenda ziwani na udongo wote. Jua likiwaka mawe yalishika joto mpaka usiku mtu hawezi kulala chumbani. Mradi ulitaka kukirudishia kilima miti: mijohoro, miarobaini, mikwaju, na mikuyu kwenye nyufa za mawe. Kwenye hotuba walisema tunapanda kwa ajili ya dunia ya kesho. Mimi sikucheka waliposema hivyo, ingawa wengine walicheka. Nilikuwa nimetumia miaka kumi kuangusha miti, na nilijua upepo wa mahali penye miti ulivyo na wa mahali palipokatwa ulivyo. Hilo halihitaji shule. Hewa inayochemka Mwanza ni hiyo hiyo inayokwenda kwingine, na mji ukiwa jiwe tupu watu wake watakaangwa.

Kilichonichosha ni hotuba. Kila aliyekuja kuwa mgeni rasmi alipanda mche pale pale gari linapoweza kufika, kwa sababu hakuna mgeni rasmi atakayepanda mawe na viatu vile. Kwa hiyo kabla ya sherehe nilitumwa kung'oa mche uliokauka wa mgeni aliyepita ili shimo liwe wazi kwa mgeni anayekuja. Juu kilimani, ambako miti ilihitajika, hakufika mtu isipokuwa mimi na mzega wangu, ndoo mbele na ndoo nyuma.

Na mbuzi. Na wapasua mawe.

Watu wa chini ya kilima waliishi kwa kokoto. Jiwe kubwa waliliwashia moto juu yake, magogo na matairi mabovu, mpaka lipasuke kwa joto, kisha wanalimaliza kwa nyundo na tindo. Kila kijiti kikavu kilikuwa chao, na mche mbichi ukiachwa siku mbili ulikuwa kijiti kikavu. Niliwafukuza. Walirudi. Niliwaita wezi, wakaniita Bwana Miti, kwa sauti ile ile mtu anayoitumia kumfukuza mbwa.

Adui yangu mkubwa alikuwa mama mmoja mponda kokoto, mjane, mtu wa Magu, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya kilima kuanza. Alikuwa amenizidi umri kiasi cha kutosha, nikampa heshima yake siku ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

Aliendelea kuponda. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akainua uso, akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kisha akamwambia jirani yake, "Huyu anawaamkia watu usoni, nyuma anawachongea." Shikamoo yangu ikabaki hapo hapo kwenye vumbi. Mtu anaweza kunitukana nikasahau. Kunyimwa marahaba mbele za watu sikusahau, na tangu siku hiyo nilipita mbele ya nyumba yake bila kufungua mdomo.

Mbuzi wake walikula safu nzima ya miarobaini, ambayo watu wote husema mbuzi hawali.

Msimamizi hakuwa na seng'enge ya kunipa. Ndipo nikakumbuka minyaa. Nilikuwa nimeiona njia ya Kisesa, nyua za zamani za mimea isiyo na majani, vijiti vya kijani tu, ukivikata vinatoa maziwa yanayochoma macho. Mbuzi hagusi. Haihitaji maji wala samadi. Unakata kipande, unakichomeka ardhini, kinaota. Nikamwambia msimamizi, naye ni mtu wa Kilimanjaro, hakuona tatizo. Tukaleta minyaa kwa guta, mizigo na mizigo, nami nikaichomeka kuzunguka kilima chote, kuanzia mwamba wa chini mpaka nyuma.

Watu walitoka majumbani wakanitazama. Nilizoea kuzomewa, lakini siku zile hawakuzomea. Walisimama kimya, mikono nyuma, kama watu waliokuja kuona nyumba ya mtu ikipigwa mnada. Mzee mmoja mpasua mawe, mpole kuliko wenzake, alinisogelea.

"Unahamia lini?"

Nikadhani ananitania. "Nimeshahamia, mzee. Kibanda changu si unakiona pale."

"Nakiona," akasema, akatikisa kichwa taratibu, akarudi kuwaambia wenzake.

Wiki iliyofuata nilikuta mstari wa minyaa ndani ya minyaa yangu. Ulianzia chini karibu na nyumba ya yule mama, ukapanda hatua kadhaa, ukakata kona, ukashuka. Ndani yake kulikuwa na miche yangu, haijaguswa. Nikaing'oa minyaa, nikaitupa. Kesho yake ilikuwepo tena, na pembeni yake mstari wa mtu mwingine. Nikang'oa yote. Ikarudi yote, na mingine mitatu.

Nilimkuta yule mama anachomeka, kanga ameifunga kiunoni.

"Hiki ni kilima cha msitu," nikamwambia. "Toa vijiti vyako."

"Toa vyako kwanza."

"Vyangu ni uzio."

"Na hivi vyangu ni nini, mboga?"

"Mama, mimi nazuia mbuzi."

"Mbuzi gani? Mbuzi ni wangu." Alinyoosha mgongo. "Sikiliza, baba. Kwetu ukikuta minyaa unajua pana mwenyewe. Hata mwenyewe akifa, watoto wakahama, nyumba ikaanguka, minyaa ikibaki hakuna mtu atakayelima pale bila kuuliza ni kaya ya nani. Wewe umekuja na lori, hujulikani baba yako, umezungusha kilima kizima. Kizima. Mtu mmoja, hata mke huna. Halafu unataka sisi tukuangalie tu."

"Si changu. Ni cha watu wote."

"Cha watu wote kina uzio?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimetangaza kwa lugha yao kwamba kilima ni changu, nao walinijibu kwa lugha hiyo hiyo: kama kimeanza kugawanywa, kila mtu achukue chake mapema. Hata Wajita na Wakerewe wa mtaa ule, ambao kwao minyaa haikuwa na uzito huo, walipoona majirani wanachomeka nao wakachomeka. Kilima kikawa vipande vipande, kama shamba la urithi la watu wasiopatana.

Nilikusudia kumwambia msimamizi. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Kilichonizuia ni kiangazi.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Nilipanda na mzega wangu alfajiri mpaka mabega yakachubuka, na nilijua kwamba nusu ya miche itakufa. Kisha nikaanza kukuta udongo umelowa mahali ambapo sikumwaga. Maji yenye povu, maji ya kufulia. Asubuhi moja nilimkuta mama yule anamwagia mjohoro kwa bakuli, polepole, kwenye shina.

"Nani kakuambia umwagilie?"

"Mti ukifa si utasema hapa ni pori, hapana mtu?" Akamalizia bakuli. "Mti wangu ukisimama, hakuna atakayesema sikuwepo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Minyaa inaonyesha mpaka, lakini mti uliotunzwa unaonyesha mtu. Kila mmoja akamwagilia ya kwake, na kwa kuwa hakumwamini jirani, akailinda. Mbuzi akiingia kwenye kipande cha mtu ilikuwa vita. Wapasua mawe walihamisha mioto yao mbali, maana sasa moto ulikuwa unaunguza mali ya mtu. Waligombana kutwa. Nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Mkwaju wako umeinamia kwangu, uambie urudi," na mwenzake akajibu, "Uambie mwenyewe, wewe si ndiye unayepata kivuli cha bure?" Walinichukia mimi, wakachukiana wao kwa wao, na miti ikaota.

Iliota kuliko nilivyopata kuona pale. Mvua za kwanza zikaja, mijohoro ikanifika kifuani. Za pili zikaja, ikanipita kichwa. Maji yalishuka kilimani bila wekundu ule wa zamani. Ndege wadogo walirudi ambao sikuwa najua majina yao. Mchana nilikaa chini ya mwarobaini nilioupanda mwenyewe nikawaza kwamba huenda hapa ndipo nitakapozeekea, kati ya watu wasionitaka, na wazo hilo halikuniumiza sana.

Nilijua mwisho wake. Nyuma ya minyaa huja mawe ya msingi. Sikuwa na tumaini lolote kwa watu wale isipokuwa umaskini wao: mtu asiye na saruji hujenga polepole, na mti hausubiri saruji. Nilipiga hesabu kwamba mizizi ikishashika nyufa za miamba, miti ikiwa mikubwa kiasi cha mtu kuona haya kuikata, hapo tutagombana vizuri, mimi na wao, na miti ikiwa imesimama katikati yetu. Msimamizi alipokuja kukagua na kuuliza mistari ile ya ndani ni ya nini, nilimwambia inapunguza kasi ya maji. Akaipiga picha, akafurahi.

Siku ya mambo kuharibika ilikuwa siku ya sherehe. Alikuja mgeni rasmi mkubwa kuliko wote waliotangulia, akapanda mche wake karibu na gari, akaipongeza miti iliyo juu bila kuifikia. Akasema kilima hiki ni mfano, kwamba wananchi wamekuwa walinzi wa mazingira kwa hiari yao. Kisha akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno.

Yule mzee mpole akasimama. Alivaa koti kwenye jua lile.

"Mheshimiwa, sisi tunashukuru kwa viwanja," alisema. "Tumevitunza kama mnavyoona, miti yote imeota. Tunaomba sasa mtuletee hati, ili tuanze kujenga."

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo, hata mama yule alipiga. Mgeni rasmi alimgeukia msimamizi, msimamizi akanigeukia mimi, na nikaona kwenye uso wake picha zote alizopiga zikibadilika maana.

Aliniita pembeni magari yalipoondoka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Umewaacha watu wavamie msitu, unaniambia maji?"

"Msitu ni wao walioukuza. Mimi nisingeweza. Waache mpaka mvua za masika, bwana. Mwaka mmoja tu. Ukiing'oa minyaa sasa hivi, kiangazi hiki, hakuna atakayemwaga hata kikombe."

"Watatunza kwa sababu ni msitu wa wote."

Nilimcheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka. Alikuwa mtu mwema aliyesoma vizuri, na hakuwa amewahi kuona chochote cha wote kikitunzwa, lakini aliamini.

Vibarua waliletwa kutoka Nyakato kwa lori. Waling'oa minyaa kwa mapanga na sururu, ya ndani na ya nje, na maziwa yake yakawarukia machoni, wakawa wanalia machozi huku wanatukana. Wananchi walikuja wakasimama kimya kama walivyosimama siku ile nilipokuwa napanda. Nilisubiri mawe yarushwe. Nilitamani yarushwe. Hakuna aliyerusha.

Lori lilipoondoka, mama yule akaenda nyumbani kwake akarudi na tindo, nyundo na ndoo. Akapiga magoti kwenye mjohoro wake mdogo kuliko yote, akaanza kuchimba.

"Unafanya nini?"

"Nachukua mti wangu."

"Si wako. Uache hapo, utakufa."

"Maji yalikuwa ya nani?" Alikuwa anapiga tindo kwenye ufa, kuzunguka mzizi. "Walisema ardhi si yangu. Sawa, waichukue. Mti haumo kwenye maneno yao."

Na wengine wakamwona. Kabla jua halijazama kilima kizima kilikuwa na watu wamepiga magoti. Walichimba iliyoweza kuchimbika. Isiyoweza kung'oka kwa sababu mizizi imeshashika mwamba, waliikata, ili asiichukue mwingine. Nilikimbia huku na huku. Nilimshika mtu mmoja mkono, akanisukuma nikaanguka juu ya mabaki ya minyaa, na jicho la kulia likaunguzwa na maziwa yake mpaka sikuona. Nilisikia tu mapanga yakiendelea. Miti iliyokuwa imenipita kimo asubuhi sasa ilikuwa inashuka kilimani mabegani mwa watu, majani yakiburuzika.

Msimamizi alikuja siku iliyofuata. Alisimama kwenye kilima cha visiki, mkono kiunoni.

"Mvua zikianza tutapanda upya," alisema. "Safari hii kwa seng'enge. Nakuhitaji ubaki."

"Nilinde nini mpaka hapo?"

"Mahali."

Mahali nilikuwa nimeshapaona. Nilimwambia atafute mtu mwingine, ikiwezekana mtu wa Magu. Hakuelewa, na sikumweleza.

Niliondoka siku chache baadaye, jicho langu likiwa bado jekundu. Njia ya kushuka ilipita katikati ya nyua zao. Kila ua ulikuwa na mti mmoja au miwili, imesimamishwa kwenye mashimo ya haraka, na karibu yote ilikuwa imekunja majani. Mijohoro iliyonyauka inanuka kama majani ya chai yaliyomwagwa. Watu waliokuwa nje waliniona na begi, na hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi.

Kwenye ua wa mama yule mti ulikuwa umewekwa chini ya mahali anapomwaga maji ya vyombo. Nusu ya majani yalikuwa bado ya kijani. Kijiti cha kuushikiza kilikuwa kimelala upande, na mti ulikuwa unakifuata. Niliinama.

"Usiuguse."

Alikuwa ameketi kwenye rundo lake la kokoto, nyundo mkononi.

"Umeinama," nikasema.

"Nimeuona."

"Mzizi mkuu umekatika. Jua la jioni litaumaliza. Uwekee kivuli."

"Nani kakuuliza?"

Nilinyoosha mgongo, nikachukua begi langu. Sikumuaga. Nilipofika barabarani, kabla ya kukata kona, niligeuka. Alikuwa ameegemeza kipande cha bati upande wa magharibi wa mti, na alikuwa amesimama mbele yake, nyundo bado mkononi, ananitazama niondoke.

Nikaenda kupanda kivuko cha Kamanga. Sijarudi.